Mama Moshi na balbu ya gari

Saa nne asubuhi, Mabanga. Wafugaji wa kuku wamejipanga huku na huku, na waliotangulia mbele wanarudi nyuma kidogo, maana sifa za kigari hiki kidogo cha betri, kinachojiendesha chenyewe, ziliwafikia zamani. Zaitun Adow, fundi wa redio kutoka Kitale, anakiweka chini, mkebe wa chakula cha vifaranga ukiwa juu ya kigari. Kinanguruma, kinafuata mstari mweusi uliochorwa chini kuelekea bandani.

Mwaka jana, 2006, kilimuumbua. Mbele ya umati mjini Kitale, gurudumu lilinasa kwenye jiwe, mota ikafuka moshi, watu wakacheka hadi machozi. Tangu hapo majirani zake wa karibu na msikiti humwita Mama Moshi. Ilimuuma sana, kwani mota zile alizichomoa moja moja kwenye redio kuukuu za kaseti za magari.

“Mota ikizunguka inakula moto kidogo tu,” anasema, akiuita umeme kwa jina la mafundi. “Ukiizuia, inakula kwa pupa mpaka inajiua.”

Alijaribu fyuzi. Mota ikapona, lakini kila kikwazo kilikiacha kigari kimezimika njiani. Dawa aliipata kwenye taa ya nyuma ya gari bovu: balbu ndogo, akaiunga kati ya betri na mota. Kigari kikitembea, balbu haionyeshi mwanga wowote wa maana. Kikikwama, inawaka, na ikishapata joto inaubana umeme usipite kwa wingi.

Leo akichemsha tena, wafugaji hawa hawatamsikiliza. Hata hivyo anamwita Nangila, mama aliyekuwa akimtania tangu asubuhi, akizuie kigari kwa mguu.

“Nisiunguze kitu ya wenyewe bana,” Nangila anasita.

“Zuia tu, mama.”

Magurudumu yanasimama. Balbu inawaka. Watu wanangoja moshi, wanangoja tena. Nangila anaondoa mguu, na kigari kinashika njia yake.

Lakini kilichomfurahisha mama huyu ni kingine kabisa.

“Kumbe taa ikiwaka ndiyo imerara,” anasema, akimaanisha imelala, imekwama njiani. “Si hata nikiwa jikoni nitaona? Niwekee hiyo balbu juu.”

Zaitun anaangua kicheko. Hilo halikuwahi kumpitia akilini. Sasa kila kigari kitabeba balbu yake juu ya kijiti, na anatafuta chumba cha kazi mjini Bungoma. Jina la kuandika mlangoni analo tayari.

“Mama Moshi,” anasema. “Wacha waje wautafute huo moshi.”