Pesheni za Golini

Jamani, nimebeba aibu hii peke yangu, leo naitua. Mimi ni mtu wa Mnazi, kule bondeni tunakofukia mbegu moja kwa moja shambani. Nilipohamia kufundisha shule moja huku juu Magamba, nikaanzisha mradi: maboksi yote ya maziwa na juisi yaoshwe, yakunjwe, yapelekwe kiwandani yakatengenezwe upya.

Jumamosi moja, nikiwa peke yangu shuleni, nikakuta nyuma ya jiko maboksi kama thelathini yamejaa udongo. Uchafu gani huu! Nikayakung'uta, nikayasugua yakang'aa. Ule udongo nikajazia shimo la golini, lililokuwa likiwategua wanafunzi miguu. Jumatatu mwalimu mkuu akanisifu mstarini kwa kuziba lile shimo, nami nikavimba kichwa.

Kabla ya chai, mpishi wetu Mama Zaina akaja analalamika: maboksi aliyopandia mbegu za pesheni yameibwa. Kumbe kwenye baridi hii mbegu huanzia kwenye boksi! Badala ya kukiri, nikamsaidia kumlaani mwizi.

Shule ikafungwa, mvua ikanyesha likizo nzima. Tulipofungua, siku ya mechi, kipa akainama na kupiga kelele:

"Jamani, golini pameota pesheni!"

Mama Zaina akaja na mwiko mkononi. Akaitazama ile miche, akanigeukia mbele ya shule nzima.

"Mwalimu, shimo hili si ulilijaza wewe?"

"Shikamoo, mama," nikajibu.