Gari Lililolala na Ng'ombe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauza mchele na vitenge kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na nyumbani kwangu kulikuwa Kambarage, mjini Shinyanga. Kwa miaka mingi nilisafiri juu ya malori, nimekalia magunia yangu mwenyewe, nafika nimejaa vumbi mpaka wachimbaji wananiuliza kama na mimi nimetoka shimoni. Kwa hiyo nilipopata gari, tena jipya, halijapita mkononi mwa mtu, nilikuwa naamka asubuhi naenda dirishani kulitazama tu. Nasema kweli, sijawahi kumtazama mwanamume vile.

Nililinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la magari pale mjini. Babu yake alikuja Shinyanga kununua pamba, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo. Siku ya kunikabidhi ufunguo alinionyesha kila kitu, hadi kitaa kidogo cha njano chini ya usukani. Akasema, "Mama, hiki ni kitaa cha matairi. Upepo ukipungua, kinawaka. Magari mengi hayana. Kikiwaka, njoo." Nikaona raha. Gari linalosema lenyewe! Nikawaringia majirani wiki nzima.

Jumamosi ya kwanza nikalipeleka kijijini Mhunze kwa baba. Mama alikwishafariki, baba alikuwa anaishi na kaka yangu na mke wake, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Alilizunguka gari akilipapasa, bati, vioo, milango, halafu akasema kitu cha thamani hakilali nje. Akaamuru liingizwe bomani, likalale na ng'ombe.

Mtu wa kwetu ataelewa heshima niliyopewa. Bomani ndiko kuliko na mali, na hakuna mwizi anayeingia pale mbwa wasimjue. Nikaliingiza taratibu, ndama wakakimbia huku na huku, kaka yangu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha baba mwenyewe akavuta lile tawi kubwa la mgunga lenye miiba, akaziba mlango. Kufunga boma ni kazi ya mwenye boma. Japo alikuwa haoni, hakuna aliyethubutu kumshika mkono, na ukoo mzima unajua hasira zangu nimezirithi wapi.

Kila mwisho wa wiki ikawa hivyo. Na kila Jumatatu nikiwa njiani kurudi mjini, kitaa kinawaka.

Mara ya kwanza nilikwenda dukani kwa adabu. Mafundi wakapima, wakakuta tairi moja la nyuma limepungua kidogo, wakajaza, kitaa kikazima. Nikashukuru. Wiki iliyofuata kikawaka tena, safari hii tairi la mbele. Wakajaza. Kikawaka tena. Fundi mmoja akasema labda kitaa chenyewe ndicho kibovu, wakapiga simu Dar es Salaam kuuliza, na Dar es Salaam nako wakasema hawajaliona tatizo kama hilo. Mimi nikaanza kuchemka.

Lakini hasira yangu haikuwa ya tairi. Mwezi ule madaktari wa macho walikuwa wamefika Mwanza, wanatoa mtoto wa jicho, na mwisho wa mwezi wangeondoka. Nilikuwa nimemwandikisha baba. Niliposema tu, alikubali, nikashangaa alivyokubali upesi. Tukapanda gari Jumatatu asubuhi, yeye mbele kando yangu, na hatujafika hata barabara kuu, kitaa kikawaka. Sasa baba, ambaye alikuwa haoni uso wangu, kitaa kile alikiona.

"Mayu," akaniita, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake mpenzi, "hicho kinachowaka ni nini?"

Nikamweleza ni jicho la gari, linaangalia matairi. Loo, mdomo wangu huu!

"Basi simamisha. Siendi kupasuliwa jicho ndani ya gari lenye jicho bovu."

Nilibembeleza, nikakaripia, nikalia. Akashuka, akashika fimbo yake, akarudi nyumbani kwa miguu akipapasa ukingo wa barabara. Mimi nyuma yake na gari, mwendo wa kobe, watu wanatutazama. Akasema kitaa kikizima na kikabaki kimezima, atakwenda. Kabla ya hapo nisimsumbue.

Ndipo siku iliyofuata nikafika dukani nimefura. Sikusalimu. Nilisimama katikati ya wateja nikasema, "Mmeniuzia gari au mmeniuzia taa? Baba yangu anapofuka kwa ajili yenu!" Mafundi wakatawanyika wakijifanya wanatafuta spana. Mwenye duka akatoka ofisini, akaniambia karibu mama, kaa kwanza, akaagiza chai. Nikamwambia chai yake sitaki. Akasema sawa, basi atakunywa yeye, mimi nimweleze. Nikaeleza yote, mpaka fimbo ya baba. Yule mzee hakunikatiza hata kidogo.

Nilipomaliza akaniuliza, "Kinawaka siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumapili gari linalala wapi?"

"Bomani. Na ng'ombe."

Alinitazama, akaweka kikombe chini. Akaita mafundi wavue matairi yote manne, na safari hii wasitafute tundu kwa macho, wapitishe mikono kwa ndani. Fundi wa kwanza akaruka, "Aii!" Kidole kinatoka damu. Ncha ya mwiba ilikuwa imekatikia ndani ya mpira, imeziba tundu lake yenyewe. Gari likisimama, upepo hautoki. Likikimbia na kupata moto, linavuja. Tairi la pili hivyo hivyo, mpaka la nne. Mimi mtoto wa wafugaji, nimekulia ndani ya miiba ile, lakini haikunijia hata siku moja. Miiba ya kwetu nilikuwa siihesabu kuwa miiba.

Wakaziba matundu yote. Nilitakiwa kufurahi, lakini sikuuchukua ufunguo. Ningemwambia nini baba? Kwamba heshima aliyonipa ndiyo inayotoboa gari? Kwamba akivuta lile tawi haoni inakodondokea miiba? Mzee mkali vile, akisikia hivyo angejifungia ndani na macho yake mpaka kufa. Nikamwambia mwenye duka hivyo hivyo, bila kuficha.

Akachukua kofia yake. "Twende kwa mzee," akasema.

Ilikuwa Jumanne, siku ya biashara, duka limejaa. Akamwachia mwanawe kila kitu, akapanda nami. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru. Alikuwa amekwisha kuniuzia, amekwisha kutengeneza, na nilikuwa nimemfokea mbele ya watu. Angeweza kusema kazi yake imekwisha.

Tulimkuta baba amekaa kivulini nje ya nyumba yake. Mgeni wangu akatangulia kumwamkia, "Mwadila, baba," kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu cha mjini. Baba akageuza kichwa. Wakasalimiana kama inavyotakiwa, mvua, ng'ombe, watoto, pamba, mpaka nikaona jua litazama hatujasema kitu. Halafu yule mzee akasema, "Baba, nimekuja kwa sababu ya gari nililomuuzia binti yako. Umelilinda vizuri sana. Hata mimi dukani sililindi hivyo. Lakini ng'ombe ana kwato. Mpira hauna."

Baba akanyoosha kiganja. Mwenye duka akatoa mfukoni ile ncha ya mwiba, akaiweka katikati ya kiganja chake. Baba akaivingirisha kwa kidole gumba, taratibu, akaigusisha mdomoni. Mke wa kaka yangu alikuwa ametoka na maji ya kunywa, akasimama nayo hapo hapo.

"Huu ni wa kwangu," baba akasema.

Mke wa kaka yangu akaweka maji chini.

"Zamani nikifunga boma, nilikuwa nafagia mlango. Naokota mmoja mmoja, ndama wasichomwe." Akaendelea kuuvingirisha. "Siku hizi nafagia vilevile. Nilidhani naokota yote."

Nikasema baba, si kitu, matairi yameshazibwa. Akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Ndipo akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake maisha yangu yote. Alisema anaogopa. Kwamba kitaa kilipowaka ile asubuhi alifurahi, kwa sababu alikuwa anatafuta sababu ya kushuka, na usiku mzima hakulala akiwaza kisu kinavyoingia jichoni. Aliyasema hayo mbele ya mgeni, mzee mwenzake, na mgeni akamjibu kwamba yeye mwenyewe amefanyiwa upasuaji huo huo, jicho la kulia, aliogopa mpaka akamsumbua mkewe, na sasa anasoma gazeti. Baba akamwuliza kama inauma. Akasema kidogo, tena siku ya pili. Sikujua habari hiyo ya jicho lake, na asingekuja asingeisema.

"Wabeja," baba akamwambia. Asante. Akarudia, "Wabeja sana."

Usiku ule gari lililala nje, mbele ya mlango wa baba, na kaka yangu akalala ndani yake akinung'unika. Asubuhi tukaondoka, mwenye duka nyuma, baba mbele. Tulimshusha mgeni wetu dukani kwake, tukaendelea Mwanza, na njia nzima baba hakuacha kuangalia pale chini ya usukani. Palikuwa giza. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo pabaki hivyo, na pakabaki.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Siku ya kufungua bandeji muuguzi aliniita nikasimame mbele yake, kwamba mgonjwa aanze na mtu wake. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na kilemba chake, nimejipaka mafuta, nangoja kusifiwa. Bandeji ikatoka. Baba akapepesa, machozi yakamtiririka, muuguzi akayafuta. Akanitazama. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaona haya kama msichana.

"Una mvi," akasema, akigusa nywele zilizochungulia chini ya kilemba.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

Nilivua kilemba, nikapiga magoti karibu na kitanda ili azione zote.