Siku Ukoo Wetu Ulipozimika

Mwezi wa saba mlima huondoka Nyeri. Tunajua uko mahali pake, lakini ukungu huufunika wiki baada ya wiki, na sisi wa hapa huishi kana kwamba tumepewa ulimwengu mdogo zaidi: barabara hadi kwenye kona, mti wa jirani, moshi wa jikoni usiotaka kupanda.

Kompyuta yangu ilikufa asubuhi ya namna hiyo. Stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, halafu ikarudi kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona. Taa ya jikoni iling'aa kama inataka kupasuka, na pale mezani kitu kikalia tap, kidogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Ilikuwa kompyuta kuukuu, betri yake ilichoka zamani, ikawa inaishi kwa waya wa ukutani. Kioo kikawa cheusi. Nikajiona humo, mwanamke wa miaka sitini na kitu, miwani na kilemba cha nyumbani, na nyuma yangu dirisha jeupe la ukungu.

Ndani yake mlikuwa na ukoo wetu wote. Nilianza kuukusanya mwaka aliofariki baba, nilipokuwa nimestaafu ualimu na siku zimekuwa ndefu. Nilinakili vitabu vya ubatizo kanisani, ukurasa kwa ukurasa, karani akiniwekea kiti karibu na dirisha. Nilipiga picha za picha, zile za zamani ambazo watu wamesimama wima kama wanaogopa kupumua. Nilirekodi sauti. Shangazi yangu peke yake, dada mdogo wa baba, alinipa saa nne za maneno, na katikati ya maneno hayo kulikuwa na kuku, mvua juu ya mabati, na mara moja wimbo ambao aliukatiza njiani akasema umemtoka.

Madaftari niliyoandikia mwanzoni nilikuwa nimeyawashia jiko. Niliona yote yamo ndani, salama. Flashi niliyokuwa nimehifadhia nakala niliifuta mwenyewe, nikaweka nyimbo za kwaya ya akina mama.

Fundi niliyempelekea ni mwanamke mwenye kibanda ghorofani, mjini, karibu na soko. Alifungua kompyuta, akatoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake, kisha akaiweka sikioni kama muuguzi anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Sikiza, mama," akaniambia, akanipa nami.

Nilisikia mlio mdogo wa kugonga, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko, ko, ko.

"Hiyo imejikwaruza ndani. Kuna watu Nairobi wanafungua, naweza kutuma. Lakini sitaki kukudanganya. Ulikuwa na nini kwa hii?"

"Watu."

"Picha za watu?"

"Watu wenyewe," nikasema.

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta. "Pole sana," akasema, kwa sauti ile tunayoitumia matangani.

Baada ya wiki mbili diski ilirudi kutoka Nairobi katika bahasha ya kaki. Hawakupata kitu.

Sikumwambia mtu. Asubuhi nilitembea tu, kutoka nyumbani hadi juu ya mji na kurudi, koti limefungwa hadi shingoni, na watu walitokea katika ukungu mmoja mmoja, wakanisalimia, wakaingia tena. Nilipokuwa nikitembea nilijaribu kuwaita wale wangu. Ndugu wa babu aliyefuga nyuki, aliitwa nani? Mke wake wa pili alitoka wapi? Nilikuwa nimeyaandika mambo hayo kwa vidole vyangu, na sasa vidole ndivyo vilivyokumbuka, vikichezacheza mfukoni, lakini kichwa kilikuwa cheupe. Nilielewa kwamba sikuwahi kuwajua watu wale. Niliwaweka tu mahali, kama mtu anavyoweka nguo sandukuni.

Mwisho nikaenda Gakindu kwa shangazi. Tata, ndivyo tunavyomwita. Nilikuwa nimempoteza yeye kuliko wote, na niliona ni heshima aambiwe.

Nilimkuta barazani, jua limetoka kidogo juu ya mibuni, anachagua maharagwe mapya kwenye ungo. Tuliongea Kikuyu, kama siku zote. Hapa nayaandika maneno yake nilivyoweza.

"Ati imekufa?"

"Imekufa, tata."

"Na mimi nikiwa ndani?"

"Na wewe ukiwa ndani."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Basi nimetangulia, na wala sikusikia uchungu." Halafu akaona machozi yangu, akaacha kucheka. "Nyamaza, mama. Nyamaza."

Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Kwetu jina halichaguliwi kwa kupendeza. Binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao, hata wafu wakarudi nyumbani kwa zamu. Mimi ni binti wa kwanza wa baba, kwa hiyo mimi ni mama yake baba, na wa shangazi pia.

Alitandika leso sakafuni. "Daftari liache kwenye mkoba. Nishikie ungo." Akachukua haragwe moja kubwa lenye madoa, akaliweka juu ya leso. "Babu yako." Akaweka jingine kando. "Nyanya yako." Chini yao akaanza kupanga watoto, polepole, akigusa kila haragwe kwa kidole kana kwamba anampapasa kichwa. Baba yangu. Kisha wengine. Alipomaliza nilihesabu saba. Katika kompyuta nilikuwa na sita.

"Tata, umezidisha mmoja."

"Sijazidisha."

Alimfukuza kifaranga aliyekuwa anakuja kudonoa. Nikatazama lile haragwe la pili, kati ya baba na yeye. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo. Shangazi, ambaye sote tulimjua kuwa binti wa kwanza, alikuwa na jina la nyanya mzaa mama. Jina la nyanya mzaa baba halikuwepo kwa mtoto yeyote wa nyumba ile. Nilikuwa nimeliona hilo, nikaliwekea alama ya kuuliza, nikaendelea na wengine.

"Ile mashine ilikuwa inasikia," akasema. "Kila nikifungua mdomo naona ile taa nyekundu inanitazama. Kitu kikiingia pale, hata mimi mwenyewe siwezi kukitoa. Lakini sasa haisikii tena?"

"Haisikii."

Akaniambia. Ulikuwa mwaka wa njaa, yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Nyanya yangu alikuwa na rafiki upande wa Kianyaga, mwanamke waliyezoea kubadilishana naye vyungu na nafaka, mke wa mtu mwenye ndizi na mihogo lakini asiye na mtoto. Nyanya alimshika mkono binti yake mkubwa, wa miaka mitatu, wakaenda kwa miguu. Baba yangu alikuwa kijana wa miaka saba hivi. Ndiye aliyebeba kibuyu cha uji. Mbali na yeye mgongoni, walikwenda watatu, wakarudi wawili.

"Jina lilibaki kwake," shangazi akasema. "Mtoto akiwa hai huwezi kumnyang'anya jina ukampa mwingine. Ndiyo maana halipo."

"Baba hakuwahi kusema."

"Baba yako hakunywa uji maisha yake yote. Hukuona?"

Niliona. Tulidhani ni tumbo.

"Yuko hai?"

"Kama amekufa, hakuna aliyeniletea habari. Tulipomzika mama, mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani alisimama nje ya ua, kule kwenye mibuni. Nilipomtafuta wakati wa chakula, alikuwa ameenda."

Nilirudi Nyeri na kichwa chepesi, kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nililala mchana, jambo ambalo silifanyi, na nikaota mto ambao watu walivuka wakiwa wamebeba vyungu, bila kulowa.

Wiki iliyofuata nikaenda Kianyaga, nikibadilisha gari Sagana, halafu Kutus. Huko upande wa pili wa mlima kulikuwa na jua. Sikuwa na kitu mkononi ila jina moja, la yule binti, na jina hilo nililitaja kwa wanawake wanaouza ndizi sokoni.

"Yule wa nduma?" mmoja akauliza. "Mzee sana? Teremka na hii barabara mpaka kwa daraja, utaona nduma nyingi, yeye hatoki huko."

Nilimkuta ameketi juu ya gunia kando ya kijito, miguu yake majini, majani makubwa ya nduma, yale magimbi ya mtoni, yamemzunguka hata nikadhani kwanza ni kisiki. Alikuwa na paji la uso la baba yangu. Nilisimama.

"Unatafuta nani?" akauliza.

Nikasema nimetoka Gakindu. Nikamtajia nyumba. Alitoa mguu mmoja majini, akauweka juu ya nyasi, akautazama.

"Na wewe ni wa nani kule?"

"Wa mkubwa. Kijana."

"Aliyebeba kibuyu."

"Huyo. Alitutoka."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Halafu akauliza, "Unaitwa nani?"

Nikamtajia jina langu. Aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu sana, macho yake yana kijivu pembeni, na maji yakapita, na ndege fulani akalia mle majanini akanyamaza.

"Mama," akasema. "Umekuja umechelewa. Nduma zimeshaiva zimekaa."

Nilimsaidia kuinuka. Nyumbani kwake nilitoa simu, nikamuuliza kama naweza kurekodi maneno yake. Akaisukuma kwa mgongo wa mkono. "Weka. Kwanza kula." Basi nilikula, na mengi aliyosema mchana ule nimeyabeba tu kichwani, na najua baadhi nimeshayaangusha. Alisema mama wa Kianyaga alimpenda mno, hakumruhusu hata kuchota maji hadi alipofika umri wa shule ambayo hakwenda. Alisema mama wa Gakindu alikuwa akija, siku za soko, na kila mara alimletea kiondo kipya, kikubwa kidogo kuliko cha kwanza, kana kwamba anampima. Hakumkasirikia. Aliona tu ni ajabu, alipokuwa mdogo, kwamba watoto wengine wana mama mmoja.

"Na siku ya mazishi? Mbona hukuingia, hukula?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nilikuwa na ng'ombe wa kukamua."

Mwezi wa nane nilikodi gari nikamchukua shangazi. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na magotini ameshika mkebe wa samli ya kumpelekea dada yake, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Tulipofika, yule mwingine alikuwa amesimama mlangoni, naye amevaa koti la kanisani. Walishikana mikono. Walisalimiana kwa adabu kama wageni, wakaulizana habari za mvua, za magoti, za bei ya majani chai. Nilikaa kando nikiwa na daftari langu jipya na kalamu, nikingoja, na kwa nusu saa sikuandika kitu.

Nimejaza madaftari mawili tangu wakati ule, na kila daftari nimelipiga picha kwa simu na kumtumia binti yangu. Lakini zile saa nne hazikurudi. Shangazi alikubali kusimulia tena, na akasimulia vizuri, ila mambo mengine yametoka tofauti, na wimbo ule hakumbuki kwamba aliwahi kuuimba. Mfuga nyuki bado sijalipata jina lake. Wakati mwingine nikipika naisikia sauti ya shangazi kutoka katika rekodi ile, na mvua nyuma yake, naacha kukoroga nisikilize, lakini siyashiki maneno.

Siku ile Kianyaga ilikuwa inaelekea saa kumi, na chai ilikuwa imekwisha kwenye vikombe, ndipo shangazi akasema, bila kumtazama mtu, "Mama alikuwa mfupi."

"Nani alikuambia?" dada yake akajibu. "Mama alikuwa mrefu. Alikuwa akiinama kuingia hapa."

"Huo mlango ni mfupi."

"Mlango si mfupi. Mama alikuwa mrefu."

"Mimi nililala naye kitanda kimoja!"

"Na mimi nilimwona akija kutoka mbali, mara nyingi. Mtu anayekuja kutoka mbali unamwona vizuri."

Walinyanyuka wote wawili, kila mmoja kwa shida yake, wakaenda kwenye mlango wa jikoni. Dada mkubwa akachukua kipande cha kaa jikoni, akainua mkono juu kadiri alivyoweza, akachora mstari kwenye mbao. Shangazi akamnyang'anya kaa, akachora wake chini kwa kiganja kizima. Wakasimama wakiitazama ile mistari, wakihema, vidole vyao vyeusi.

"Wewe, mama," shangazi akaniita. "Simama hapa."

Nikaenda nikasimama, mgongo kwenye mbao, kisigino kwenye kizingiti, kama mtoto wa shule siku ya kupimwa. Walinisogeza kushoto, wakanisogeza kulia. Mmoja aliniambia nivue viatu. Nikavua, nikasimama tena, na mikono yao miwili ikapita juu ya kichwa changu, ikigombana.