Fundi bunduki na mafuta ya baba mkwe

Saa mbili asubuhi, fundi bunduki amelala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha, shavu juu ya mbao ya bunduki, kidole kwenye kifyatulio. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mwenye bunduki: baba mkwe wake, mwindaji mstaafu.

"Taratibu, mwanangu," anasema mzee.

"Baba, naomba usinisemeshe," anajibu fundi, kwa adabu inayomtoka kwa shida.

Bunduki hiyo ina miaka sabini. Ijumaa anakuja mkaguzi wa silaha. Anataka risasi tatu, kutoka mita mia, matundu yote yafunikwe na kisahani cha chai. Zikitawanyika, leseni haihuishwi na bunduki inakatwa kwa msumeno. Mwezi uliopita zilitawanyika upana wa sinia.

Ubovu wake fundi aliujua siku ya kwanza: chuma kilikuwa kinacheza ndani ya kitako cha mbao. Dawa ni kumwaga gundi ngumu ndani ya mbao na kukilaza chuma juu yake, kitulie kama mtoto mgongoni. Kazi ya siku mbili. Imemlia siku kumi na tisa.

"Gundi haishiki mbao yenye mafuta," anaeleza. "Na hii baba ameipaka mafuta kila asubuhi kwa miaka arobaini. Ukiikamua, unakaangia yai."

Aliifukia kwenye unga wa chaki unyonye mafuta, na kuianika juani wiki nzima, hadi ikakauka. Siku ya kumwaga gundi akatoka nje kidogo kupokea simu. Aliporudi, mzee alikuwa na kitambaa mkononi, na mbao inang'aa.

"Niliiona imepauka, maskini," mzee anajitetea, bila chembe ya majuto.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema afanywe nini mkuu asiyesikia. Mteja mwingine angetimuliwa, lakini baba wa mume hatimuliwi. Fundi, mwenye miaka kumi na sita katika kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake, alikwenda nyuma ya karakana, akaugombeza ukuta, kisha akarudi kuanza upya, hadi gundi ikashika.

Sasa anafyatua. Anasubiri mtutu upoe, anafyatua tena, na tena. Kwenye karatasi ya shabaha anaweka kisahani. Matundu mawili yanafunikwa. La tatu linachungulia ukingoni.

"Inatosha hiyo," anasema mzee.

"Haitoshi, baba."

Mzee ameshatoa kitambaa mfukoni. Fundi ananyoosha mkono, naye anakitoa shingo upande. Vidole vya mzee vinatetemeka kwa uzee. Ni mwaka wa sita huu hajaweza kulenga shabaha.

Mzee akiwa mbali kidogo, fundi anakiri kwamba amechoka, tena sana. Kesho ataikwangua mbao pale inapogusa mtutu, apige tena.

"Ijumaa lazima bunduki ipite," anasema. "Wakiikata, Jumamosi asubuhi mzee ataamka apake mafuta nini?"