"Nikushonee Sanda?": Fundi Ambaye Ulimi Haumtii

Asubuhi yenye ukungu, umeme umekatika. Ndani ya chumba chembamba cha ushonaji, magauni yananing'inia gizani kama watu waliokosa vichwa. Fundi mwenye mvi anasimamisha cherehani, anamkazia macho mwanamume aliyesimama mlangoni, kisha anamuuliza taratibu:

"Nikushonee sanda?"

Mwanamume huyo ni mwenye nyumba, amekuja kumtoa fundi katika chumba hicho.

Fundi alitaka kusema shati. Tangu apigwe na kiharusi, mkono umerudi kazini lakini maneno hayajarudi yote. Daktari aliiita hali hiyo afasia. Akili iko palepale. Neno analijua vizuri, ila ulimi huchomoa jingine, na ukishapenda moja, haubanduki.

"Akisikia alichosema, anashtuka kuliko mteja," anasema mkewe, anayeshona vifungo pembeni.

Kwa bahati mbaya, mzee mmoja aliyeumwa siku nyingi aliulizwa swali hilo, akafariki wiki hiyohiyo. Basi, mtaa ukapata la kusema. Watu wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Yuko anayeapa kuwa cherehani hujishonea yenyewe fundi akienda kula. Na jirani mmoja alikuja ananyata, picha ya mama mkwe wake kwapani.

"Akaninong'oneza, 'Shoga, mwambie baba watoto amuulize huyu, mara moja tu!'" Mke wa fundi anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Lakini wateja wametukimbia. Tukitolewa hapa, nani atatupangisha?"

Mwenye nyumba anarudi nyuma. "Mama, umesikia? Mumeo ananitabiria kifo!"

"Hakutabirii kitu. Na usimpigie kelele, si kiziwi. Muulize swali la ndiyo au hapana, halafu ungoje. Usimkimbize."

Mwenye nyumba anamgeukia fundi.

"Fundi... unasema nitakufa?"

Fundi anatikisa kichwa kwa nguvu. Ananyoosha mkono, anaishika kola ya mgeni wake, anapenyeza kidole kwenye tundu lililochanika.

"Aa! Shati?"

"Ndiyo! Ndiyo, ndiyo!" Neno hilo halijawahi kumsaliti.

Utepe wa kupimia unamzunguka mwenye nyumba shingoni. Anautupia mlango jicho, lakini hatoki.

"La kuhama tutaliongea nikija kuchukua shati," anasema, sauti imemshuka.

Siku ya kulichukua ni Ijumaa. Fundi anatamani siku hiyo alitaje shati kwa jina lake, mlango ukiwa wazi, mtaa mzima usikie. Kila akikanyaga cherehani anajaribu: "Sha... sha..." Wapita njia wanaharakisha.

Mwenye nyumba ameahidi kungoja, hata neno likichelewa namna gani. Ila ameomba kiti chake kiwekwe karibu na mlango.