Gidamis, Korongo Lilikuwa Limejaa

Wiki ya tatu sasa na akili yangu bado inakataa. Asubuhi hii nimeandika "Umefika?" ikabaki kidogo tu niitume kwenye namba yake.

Mnaniuliza huyu Gidamis ninayemlilia humu mtandaoni kila siku ni nani. Nitawaambia. Na kuna jambo ambalo sijaliandika popote. Nitaliandika hapa.

Alikuwa mwenzangu kazini. Mtoto wa wafugaji Wabarbaig wa Hirbadaw, Hanang. Mimi mtoto wa wakulima Wairaqw wa Tlawi, Mbulu.

Kazi yetu ilikuwa kuifundisha simu isikie watu wa kwetu. Mfugaji anaongea, simu inaandika, taarifa ya ng'ombe mgonjwa inamfikia daktari wa mifugo.

Shida ni kwamba simu ilijua Kiswahili cha redioni tu. Sisi Wairaqw na Wabarbaig tukiongea, z inatoka s, v inatoka f.

Siku yetu ya kwanza fildi, mzee mmoja alisema zizi limebomoka. Simu ikaandika: "Sisi limebomoka." Gidamis akamsomea kwa sauti. Mzee akaitikia kwa kichwa: "Ni kweli kabisa."

Jamani, tulicheka mpaka tukaegemea pikipiki!

Supavaiza akataka tuwafundishe watu kutamka vizuri kwanza. Gidamis akasimama kwenye kikao: "Bosi, hawa wazee walishamaliza kusoma. Mwanafunzi hapa ni simu."

Ila sauti yake mwenyewe alikataa kuirekodi. Miezi miwili!

Siku moja tukiwa Nangwa, tunakula mahindi ya kuchoma, akaniambia sababu. Darasa la tatu mwalimu alimsimamisha mbele aseme "mbuzi" mpaka aseme sawasawa. Alisimama hadi kengele ya kwenda nyumbani.

"Dada Paulina, tangu siku ile nikiongea Kiswahili najisikiliza kwanza."

Nikamwambia, "Basi rekodi, ili mtoto mwingine asisimamishwe." Kesho yake alirekodi sentensi hadi betri ikaisha.

Sasa mimi. Mimi ni mvivu wa kuandika. Meseji zangu nilikuwa nazisema tu, simu inaandika, natuma bila kusoma. Zilimfikia vituko vitupu, na alikuwa anawasomea watu wote ofisini.

"Soma kwanza dada, ndipo utume." Aliniambia hivyo kila wiki.

Jumamosi ile aliondoka Katesh kwenda kumsalimia mama yake. Mimi nilikuwa nyumbani, nakanda unga wa chapati.

Akanipigia Mama Rehema, mwenye duka barabara ya Hirbadaw. "Paulina, mwenzako si anakuja huku leo? Mwambie maji yameshuka kwenye korongo. Yanabeba mawe!"

Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha juu mlimani. Aliye huku chini hajui kitu mpaka maji yamfikie.

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikabonyeza simu kwa kifundo cha kidole, nikasema: "Usivuke, korongo limejaa." Nikaendelea kukanda.

Simu ikalia. Jibu lake. Nikamshukuru Mungu moyoni, nikasema ameshasoma.

Nilinawa mikono baada ya chapati ya mwisho. Ndipo nikaona nilichomtumia.

"Usifike korosho imejaa."

Na yeye alikuwa amejibu emoji mbili za kicheko, na maneno haya: "Tutazila zote dada."

Korosho, Hanang! Angefikiria nini? Alidhani ni kituko changu kingine.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Waliokwenda kumtafuta walianza kuiona pikipiki korongoni. Yeye walimpata jioni, mbali sana chini.

Kwa nini sikupiga simu tangu mwanzo? Kwa sababu akiwa kwenye pikipiki hapokei, husoma meseji akisimama. Hilo ndilo jibu langu. Halinisaidii usingizi.

Watu wananiambia hata angesoma vizuri angevuka tu. Hawajui. Na mimi sijui, na sitajua.

Baada ya mazishi niliingia kwa mama yake. "Shikamoo mama." Akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo dada yake Gidamis alitutafsiria.

Nilisema yote. Unga, meseji, korosho. Nilisema mimi ndiye niliyeituma.

Mama akauliza kitu kimoja. Dada akanigeukia: "Anauliza, alicheka?"

"Ndiyo mama. Alicheka."

Hakusema amenisamehe. Hakunilaumu pia. Alisema tu kama nina sauti ya mwanawe, nimpelekee.

Ninazo. Kazini wamenipa mimi nizikague rekodi zake. Kila siku navaa hedifoni, na mtu niliyemwona akifukiwa ananiambia mvua imechelewa, ndama ana homa, nyasi zimekauka. Navua hedifoni natoka nje. Narudi, anaendelea.

Jana nilikwenda Hirbadaw. Nikaiweka simu mapajani mwa mama, nikafungua rekodi ya kwanza iliyotokea. Gidamis akasema, taratibu kama yuko palepale mlangoni:

"Dawa ya kuogeshea ng'ombe imeisha."

Mama akauliza amesema nini. Dada akamtafsiria. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaiinamia, akaijibu kwa lugha yao.

Niliogopa kuuliza. Nikauliza.

Dada akasema, "Amemwambia nyingine imeshaletwa."

Gidamis, kaka yangu. Nisamehe. Ulale salama huko uliko.