Springi za Gari la Baba

Baba yangu alikuwa na pikapu moja tu maisha yake yote, na watu wengi wa kitongoji chetu kule Kibosho walipanda mlima kwa mara ya mwisho wakiwa nyuma yake. Sisi hatuzikwi mjini. Ukifia Dar, Mwanza au ng'ambo, utarudishwa tu, uzikwe kihambani kwenu, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa, jirani na babu yako. Magari ya kukodi ya kubeba majeneza yalikuwa yakifika parokiani yanageuza, kwa sababu kuanzia pale njia ni mawe matupu, na ukishavuka kijito kuna mwamba uliojitokeza katikati ya barabara ambao serikali zote zimeukuta na kuuacha. Kuanzia parokiani kwenda juu, kazi ilikuwa ya baba.

Alikuwa ameongeza vipande viwili kwenye springi za nyuma, vikawa tisa kila upande, ili gari likae juu na lisilale likibeba saruji, kahawa au ng'ombe. Ubaya wa springi ngumu ni kwamba gari likiwa na mzigo mwepesi linarusha, na jeneza ni mzigo mwepesi. Kwa hiyo kila penye msiba baba alisimama kwanza kijitoni, akajaza mchanga mbichi kwenye magunia manne, akayapanga nyuma mpaka springi zikatulia, ndipo akashuka parokiani kumpokea marehemu. "Mtu ameshateseka vya kutosha," alikuwa akisema. "Asirushwe."

Goti lake la kushoto lilipokataa kukanyaga klachi, akagawa vitu vyake. Kihamba kilikwenda kwa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, kama desturi yetu inavyotaka, ingawa anaishi Dar na huja Krismasi na viatu visivyopenda tope. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nimepalilia kahawa ile, nimebeba samadi kichwani, nimekata majani ya ng'ombe mvua ikininyeshea. Lakini mimi ni mwanamke, nikapewa gari. Nilisema asante, nikapiga goti kidogo kama inavyopasa, na moyoni nilikuwa nimefura kwa hasira. Hasira ile ilikaa ndani yangu muda mrefu, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Nafundisha udereva mjini Moshi. Siku nzima nakaa pembeni ya watu wanaobana usukani kwa mikono miwili nikiwaambia taratibu, taratibu, angalia kioo. Labda ndiyo maana nilipopelekwa mara ya kwanza kwenye kile kiwanja cha vumbi huko tambarare, ambako wenye magari makuukuu hushindana kuzunguka siku za Jumapili, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mwezi uliofuata niliingia na pikapu ya baba. Nilitoka wa mwisho. Kwenye kila kona ile pikapu ililala upande, mkia ukayumba, na ikirudi kwenye mstari wenzangu wameshapotelea kwenye vumbi.

Fundi wangu ana gereji ndogo Majengo, nyuma ya msikiti, mzee mwembamba asiyevua kofia hata akiwa chini ya gari. Alilizunguka gari mara moja tu, akacheka.

"Mwalimu, hili limejengwa kubeba mlima. Wewe unataka likimbie."

"Nataka likimbie."

"Basi tulishushe. Likikaa juu hivi, siku moja litakugeuza miguu juu."

Tulifanya kazi majuma mawili, mimi nikija jioni baada ya wanafunzi wangu. Tulifungua springi za nyuma, zimeshikana kwa kutu na tope la miaka, bolti nyingine ikabidi zikatwe kwa moto. Mahali pake tukaweka springi bapa za vipande vitatu. Mbele tukaweka koili fupi. Shokapu za zamani, ambazo zilikuwa zimeshakauka mafuta, tukazitoa zote nne na kufunga fupi na ngumu zilizotoka kwenye gari jingine la mashindano. Bushi za raba zilikuwa zimeliwa, tukabadilisha. Fundi alikuwa akikandamiza mkia wa gari kwa mikono miwili, anauachia, anatazama: zamani lingedunda mara tatu nne, sasa lilipanda mara moja likatulia. Aliponiita nami nijaribu nilicheka peke yangu kama mwehu. Tumbo la gari lilikuwa limeshuka karibu na ardhi kiasi kwamba paka wa gereji alishindwa kulala chini yake.

Springi za zamani zilikuwa zimerundikwa ukutani. Mlango wa pili kuna mhunzi, na chuma cha springi ndicho anachokipenda kuliko chuma kingine chochote. Akaniuliza kama nazihitaji. Nikasema chukua, ila nitengenezee panga moja zuri, nimpelekee baba. Naapa nilifikiri ni zawadi.

Jumamosi nilipanda Kibosho. Gari nililiacha parokiani nikatembea, nikijidanganya kwamba nataka kunyoosha miguu. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya zizi, mguu mbovu ameunyoosha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mae," alisema, kama wanavyoitwa mabinti kwetu. "Mbona sijasikia gari?"

Nikampa panga. Alilipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye bapa lake taratibu, kutoka kwenye mpini mpaka kwenye ncha, halafu akaligeuza. Karibu na mpini mhunzi alikuwa ameacha tundu dogo la duara. Lile ni tundu la bolti ya katikati, inayoshikilia vipande vyote vya springi pamoja. Baba alikuwa amezifungua na kuzifunga bolti zile kwa mkono wake kwa miaka mingi.

"Hii ni ya gari," alisema.

"Ndiyo, baba. Nimelibadilisha. Sasa linakimbia."

"Na nyingine ziko wapi?"

"Zimeshakuwa mapanga."

Ng'ombe alikuwa akicheua nyuma yake. Baba akaniuliza bila kupandisha sauti, "Na mimi utanipandisha na nini?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema nitatafuta springi nyingine, na ingekuwa kweli, madukani zimejaa. Lakini nilimwona mdogo wangu na viatu vyake, nikaiona kahawa niliyoipalilia, na maneno yakanitoka. Nilimwambia akishanipa, ni langu. Nikamwambia kama alitaka kitu cha kumpandisha, angempa gari yule aliyempa kihamba.

Baba aliweka panga chini ya kiti. "Haya," alisema. Akamwita mama aniletee chai.

Mama alinisindikiza mpaka kijitoni. Ni mwanamke mfupi, hasemi sana, na hakunigombeza. Alisema tu, "Kata sale, umpelekee baba yako." Kwetu mtu aliyekosa hukata jani la sale, mmea ule tunaouotesha mipakani na makaburini, akalifunga fundo na kulikabidhi kwa aliyemkosea. Ukiletewa sale hukatai. Hata mambo ya damu yamewahi kukomeshwa na jani lile. Masale yalikuwa yameota pale pale tuliposimama, pembeni ya maji. Ningenyoosha mkono tu.

"Niombe msamaha kwa mali yangu mwenyewe?" nilimjibu. Alipoendelea kunitazama nikasema, "Nitakuja. Mashindano yakiisha."

Mashindano yalikuwa baada ya majuma matatu. Sikupanda Kibosho hata mara moja katikati. Mama alipiga simu mara mbili kuniuliza sale iko wapi, nikasema Jumamosi, halafu Jumamosi ikawa ya mazoezi. Jumapili yenyewe gari lilikwenda kama lilivyoahidiwa. Liliingia kona likiwa limenyooka, likatoka limenyooka, nikawaacha wanaume niliowasikia wakinicheka asubuhi ile. Nikawa wa tatu. Walinipa kikombe kidogo cha bati, na nikapiga picha nimekishika, meno yote nje. Picha hiyo bado ninayo kwenye simu. Siifuti, ila siifungui.

Jumatano mvua za masika zilianza. Alhamisi asubuhi, nikiwa na mwanafunzi anayejifunza kurudi nyuma, mama akapiga. Baba alikuwa ameamka, ameomba maji, na kabla kikombe hakijafika mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanguka. Walimteremsha hospitali kwa pikipiki, ameketi katikati ya watu wawili. Nilipofika kitandani alikuwa ameshafunikwa.

Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya kuzika, gari la kukodi lilitutoa mochwari, likafika parokiani, likageuza kama kawaida. Watu wote walinitazama mimi. Hawakuwa na ubaya. Walijua tu kwamba pale ndipo pikapu ilipokuwa inasubiri siku zote, na ilikuwa inasubiri kweli, nimeiegesha tangu asubuhi. Mdogo wangu alininong'oneza tutafute trekta. Mama akasikia. "Alisema atapanda na gari lake," alisema, na hapo maneno yakaisha.

Tukampakia. Kuanzia jiwe la kwanza nilijua. Shokapu zile zilitengenezwa kwa uwanja uliosawazishwa. Juu ya mawe hazikumeza kitu. Kila jiwe lilipita moja kwa moja mpaka nyuma, na nikasikia jeneza likidunda, na mikono ya wanaume waliokaa nalo ikilikandamiza. Tulipofika kijitoni mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa mbele akaninyooshea mkono nisimame. "Mchanga," alisema. "Baba yako alikuwa anaweka mchanga."

Nilimwambia siwezi. Gari limeshushwa, nikiongeza mzigo halitapita. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha, halafu akashusha mkono.

Halikupita hata hivyo. Nilijaribu kuukwepa mwamba kwa kushoto, tope likatutelezesha, na tumbo la gari likakaa juu yake kwa mlio ambao waombolezaji wote waliusikia. Magurudumu yakazunguka hewani. Nilikanyaga mafuta tena, na tena, kwa hasira ile ile, tope likiwarukia watu nguo za msibani, mpaka mdogo wangu alipofungua mlango na kuzima gari kwa mkono wake. Alivua viatu vyake vya Dar, akaviacha kwenye kiti cha pembeni yangu, akaenda nyuma kushika upande wa kichwa.

Walimbeba. Njia ni nyembamba na pikapu ilikuwa imeziba katikati, kwa hiyo ilibidi wapite na jeneza ubavuni mwake, limeinama, mabega yao yakijikwaruza kwenye bodi, na wanakwaya nyuma yao, mmoja mmoja, wameinua magauni. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Mama alipofika dirishani kwangu alisimama kidogo, akaniambia, "Shuka, mae. Baba yako anaondoka."

Kaburi lilichimbwa chini ya mgomba wa zamani, karibu na zizi. Watu walipotawanyika kwenda kunawa na kula, nilikwenda kwenye kile kiti. Panga lilikuwa pale pale chini yake, halijakata hata jani. Nikalichukua, nikateremka kijitoni peke yangu, nikakata sale kwa lile panga, nikafunga fundo na kurudi. Sikujua namna ya kulikabidhi. Nilisimama na jani langu mbele ya udongo mbichi nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia mochwari wala kanisani, na mwishowe nikalichomeka upande wa mkono wake wa kulia. Mama alinikuta hapo. Nilimuuliza kama amelipokea. Alisema sale hukabidhiwa mtu aliye hai.

Jumatatu, vijana walipokwisha kuisukuma pikapu itoke kwenye mwamba, niliipeleka Majengo. Fundi alinipa pole, akamwaga kahawa yake iliyobaki, akaingia chini. Tulitoa kila kitu: springi bapa, koili fupi, shokapu nzuri zile. Aliponiuliza nyuma aweke vipande vingapi nikamwambia tisa. Alisema tisa ni vingi mno kwa mtu asiyebeba saruji. Nikarudia, tisa. Mhunzi wa mlango wa pili alisikia, akaja kuniambia kwa huzuni kwamba mapanga yameuzika yote.

Nilipanda Kibosho mvua zilipokatika. Gari lilikuwa juu, jepesi, likinirusha mpaka kichwa kikagonga paa. Kijitoni nikasimama. Nilivua viatu, nikaingia kwenye maji, nikajaza magunia manne ya mchanga mbichi, nikayaburuta moja moja na kuyapanga nyuma jinsi nilivyomwona akiyapanga. Springi zikashuka, zikatulia. Nikawasha gari, nikaingiza gia ya kwanza, nikapita juu ya ule mwamba polepole, bila kuugusa, bila hata kikombe cha chai kumwagika kama kingekuwepo. Nikatazama kwenye kioo. Nyuma palikuwa na magunia tu.